Mkono wa Upatanisho

Bi Tabasamu alikuwa na kipaji kimoja tu duniani, nacho ni kumpa mtu karatasi laini ya kufutia machozi kabla hajaanza kulia. Mteja anaingia, anakaa, anajiweka sawa, anatafuta pa kuanzia, na kabla hajafungua mdomo karatasi iko puani pake. "Lia tu, mwanangu. Lia utue." Wengine walilia kwa aibu ya kushikishwa karatasi bure. Yeye alisema wamefunguka.

Alikuwa mkuu wa kitengo cha ushauri nasaha katika hospitali ya serikali, kitengo chenye chumba kimoja ambacho zamani kilikuwa stoo ya magodoro na hadi leo kilinuka sponji iliyolowa. Jina la Bi Tabasamu alipewa na wanagenzi, wale vijana wanaoletwa na vyuo kujifunza kazi kwa vitendo. Walimwita hivyo kwa sababu alitabasamu akisikiliza habari za talaka, akatabasamu akisikiliza habari za saratani, na siku moja alitabasamu mbele ya baba aliyezika watoto wawili kwa ajali moja, mpaka yule baba akageuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine ameingia.

Ukutani, nje ya chumba, alibandika picha alizopiga kwa simu yake. Mume na mke wameshikana mikono. Mama na binti wameshikana mikono. Kaka na kaka. Wote macho mekundu, wote wanatazama simu kama watu waliokamatwa na mgambo. Juu ya picha hizo aliandika kwa herufi kubwa: MKONO WA UPATANISHO. Kesi yoyote, iwe ya kipigo, iwe ya msiba, kwake ilikuwa na mwisho mmoja: mtu aombe radhi, mwingine apokee, mikono ishikwe, picha ipigwe. Mkurugenzi akiletewa wageni anawapitisha hapo, wageni wanatikisa vichwa kwa kuridhika, wanakwenda zao kunywa chai. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza watu wale walifikaje nyumbani.

Chini ya mwanamke huyo ndiko alikopelekwa binti wa fundi cherehani, mwaka wake wa mwisho wa stashahada, ili akamilishe mafunzo. Bila saini ya Bi Tabasamu, hakuna cheti.

*

Wiki za kwanza binti mwenyewe alikuwa kero tupu. Chuoni walikuwa wamemfundisha kurudia maneno ya mteja ili mteja ajue anasikilizwa, naye akaubeba ujuzi huo hadi jikoni kwa mama yake.

"Chumvi imekwisha," mama anasema.

"Nasikia unasema chumvi imekwisha."

"Kama umesikia, mbona bado umesimama?"

"Naona kama una hasira."

"Bado sijawa nayo, mwanangu. Nenda dukani kabla haijafika."

Kaka yake, fundi wa friji mwenye karakana barazani, alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Tangu siku hiyo wakamwita Daktari wa Maneno, na kila alipopita barazani kaka alimuuliza: "Daktari, leo umetibu sentensi ngapi?"

Aliyekuwa hacheki humo ndani ni mmoja tu, mke wa kaka. Huyo wifi alikuwa amepoteza mimba ya miezi saba, na tangu arudi kutoka hospitali alikuwa ameweka ulimi kabatini. "Ndiyo." "Hapana." "Sijambo." Hayo ndiyo yaliyobaki. Alifua, alipika, aliosha vyombo, kisha alikaa kwenye ukingo wa kitanda akitazama ukuta.

Mama, ambaye cherehani yake ilikuwa sebuleni na hivyo aliona kila anayeingia na kutoka, hakuwa na subira na kimya hicho. "Anajidai," alisema, akikata uzi kwa meno. "Mimi nilipoteza wawili. Kesho yake nilikuwa hapa hapa nashona sare za watu. Nani alinibembeleza?"

Mume naye aliuona msiba wa mkewe kwa jicho la ufundi. "Ni kama friji ambayo taa inawaka lakini haigandishi," alimwambia mteja wake mmoja barazani, kwa sauti ambayo mkewe aliisikia vizuri kabisa. "Ukiigusa, inanguruma. Ukiifungua, ndani vuguvugu." Mteja akacheka. Mume akafurahi kwa kuchekesha. Huyo ndiye mwanamume aliyemuoa.

Mama ndiye aliyeamua. "Tuna daktari wa maneno ndani ya nyumba na tuna mtu asiyesema. Kuna haja gani ya kuhangaika? Mpeleke kazini kwako akatengenezwe."

"Mama, mshauri hamhudumii ndugu yake. Ndiyo miiko ya kazi."

"Kwa hiyo mimi nimesomesha mtu wa kuwahudumia majirani?"

Binti alilipeleka suala hilo kwa Bi Tabasamu akiwa na uhakika kwamba atakataliwa, na alitaka kukataliwa. Bi Tabasamu alitabasamu. "Wifi yako? Vizuri zaidi! Mnajuana tayari, mtaokoa muda." Alisahau, au hakuwahi kujua, sababu ya miiko ile. Binti alijua, akanyamaza, kwa kuwa alama zake zilikuwa mkononi mwa mwanamke yule, na mtu anayesubiri alama huwa na kigugumizi cha ajabu.

*

Basi wakakaa, wifi kwa wifi, katika chumba kinachonuka sponji, feni ikizunguka juu kwa sauti ya kijiko ndani ya bakuli.

"Unajisikiaje?" aliuliza mwanagenzi.

Wifi akamtazama.

"Naona unanitazama."

"Wifi," alisema yule mwanamke, na hiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote kwa wiki nyingi, "hivyo ndivyo mnavyolipwa?"

"Hatulipwi. Sisi bado tunajifunza."

Pembe ya mdomo wa wifi ilicheza kidogo. Mwanagenzi, kwa kukosa kingine, akaisema ile sentensi ambayo kila mshauri huanza nayo, na ambayo yeye alikuwa ameisahau kwa woga: "Yatakayosemwa humu, hayatoki humu."

"Hata kwa mama?"

"Hata kwa mama."

"Hata kwa kaka yako?"

"Hata kwake."

Wifi alitazama mlango. Ulikuwa umefungwa. Akaanza kusema taratibu, kama mtu anayejaribu viatu vya zamani.

"Siku ile mama alikuwa na wageni, mafundi wenzake wa kikundi cha ushonaji. Wewe ulikuwa chuoni. Tangu asubuhi mtoto hakucheza. Nikamwambia, mama, mtoto hachezi. Akasema mtoto naye anapumzika, wewe malizia vyombo, wageni wako njiani. Nikamwambia mume wangu. Akasema, muulize mama, yeye ndiye mzoefu. Wageni wakaja, nikawahudumia. Nikamfuata tena mama pale mlangoni, nikamnong'oneza, mama, bado hachezi, na sasa nina maumivu. Akaniambia, unataka nifukuze watu na vikombe mkononi?"

"Walipoondoka ndipo tukaenda hospitali," alisema wifi. "Daktari akauliza, mbona mmechelewa hivi? Mimi nikafungua mdomo. Mama akanijibia. Akasema, hakusema, daktari. Huyu ni msiri sana, hakumwambia mtu."

Alitazama tena mlango.

"Na mume wangu alikuwa amesimama pale pale. Hakusema kitu. Nikaona, kumbe kusema na kutosema ni mamoja. Nikaacha."

Mwanagenzi alikuwa na sentensi chungu nzima za kutumia hapo. Alikuwa amezikariri, amezifanyia mtihani, amepata alama nzuri. Zote zilimjia kwa pamoja, na zote zilinuka kama kile chumba. Kwa mara ya kwanza tangu aanze mafunzo alifunga mdomo na kukaa.

Wifi akaongeza: "Mwisho wa mwezi nakwenda kwa mama mdogo. Nimepata kibarua cha kufua kwenye nyumba ya wageni. Mfuko wangu uko kwa jirani. Usiniambie nikae."

"Sikwambii."

"Na usinipe ile karatasi."

"Sikupi."

*

Mwanagenzi haruhusiwi kulala na mzigo wa mteja peke yake. Anautua kwa msimamizi, na msimamizi anafungwa na siri ile ile. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Binti alimweleza Bi Tabasamu yote, mlango ukiwa umefungwa, na Bi Tabasamu alisikiliza akikuna sikio kwa kifuniko cha kalamu.

"Umefanya kazi nzuri sana," alisema. "Mtu amekaa bubu, wewe umemfungua. Una kipaji, binti. Sasa niachie mimi."

Binti akatoka pale amevishwa kilemba cha ukoka, na kilimkaa vizuri. Alitembea hadi nyumbani akijiona mshauri kamili. Hakuuliza "niachie mimi" maana yake nini. Aliyesifiwa huwa hana maswali.

Siku ya kikao cha pili walifuatana yeye na wifi, wakipiga soga njiani. Ndiyo, soga, wifi alikuwa amesema maneno mawili matatu kuhusu bei ya sabuni. Wakafungua mlango. Ndani walikuwa wamekaa mama, amevaa nguo yake ya harusini, na kaka, mikono imesuguliwa grisi ikabaki kwenye kucha. Viti vilikuwa vimepangwa duara. Bi Tabasamu alikuwa katikati, boksi la karatasi mapajani.

Mwanagenzi alimvuta kando. "Bi mkubwa, yale aliniambia kwa siri."

"Siri ni baina ya mteja na kitengo," Bi Tabasamu alinong'ona, meno yote nje. "Na kitengo ni mimi. Kaa chini. Ukinipinga mbele ya wateja, saini yangu usahau."

Akakaa. Wifi naye akakaa, kwa sababu mama mkwe alikuwa amegusa kiti cha pembeni yake na kusema, "Njoo hapa, mkwe."

"Leo ni siku njema," alianza Bi Tabasamu. "Huyu mwenzetu alikuwa na donge moyoni, na donge amelitema. Anasema, mama, kwamba wewe ulimchelewesha hospitali. Anasema kwa daktari hukusema kweli. Sasa tusilaumiane. Tusikilizane, tusameheane."

Wifi hakumtazama Bi Tabasamu. Alimtazama mwanagenzi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. Alikuwa na uso wa mtu aliyeuliza bei akatajiwa ile ile aliyoitarajia.

"Mimi?" Mama alisimama. "Mimi nimwue mjukuu wangu? Mimi ambaye nilishaanza kumshonea! Nimekaa na huyu kama binti yangu wa kumzaa, leo ananivua nguo mbele ya watu? Nilimwambia asubiri wageni waondoke, basi! Kosa liko wapi? Ningewafukuza wenzangu na vikombe mkononi?"

Feni ilizunguka.

"Mama," alisema kaka polepole, "kwani alikwambia?"

"Aliniambia, ndiyo, aliniambia! Wajawazito wote husema. Leo mgongo, kesho mguu. Ukiwafuata kila neno utahamia hospitali."

"Lakini kwa daktari ulisema hakusema."

"Kwa hiyo na wewe sasa unanihukumu?"

Kaka alikuwa ameushika ukweli mkononi, mzima mzima. Aliutazama, akauona mzito, akauweka chini. "Basi, mama," alisema. "Yaishe."

Mwanamke aliyekuwa akilipwa mshahara kwa ajili ya kusikiliza hakuwa amesikia hata moja. "Mnaona linavyotoka?" alisema, akigawa karatasi kulia na kushoto. "Ndiyo tiba yenyewe. Sasa, mkwe, unaona mama alivyoumia. Hukufanya vizuri kuweka neno moyoni muda wote huu, na kupanga kuondoka kimya kimya bila..."

"Kuondoka kwenda wapi?" kaka aliuliza.

"...bila kuaga. Muombe mama radhi. Kisha mpe mkono." Akatoa simu. "Sogea kidogo, mama, hapo kuna kivuli."

Na mkono wa wifi ukaanza kuinuka. Hilo ndilo mwanagenzi alilosimulia baadaye kwa shida kuliko yote: kwamba uliinuka wenyewe, kwa mazoea, kama mkono wa mtoto aliyezoea kuitwa mbele ya darasa. Uliinuka kutoka pajani ukafika usawa wa tumbo.

"Usimpe," alisema mwanagenzi.

Bi Tabasamu hakushusha simu. "Binti, kaa chini."

"Wifi, usimpe. Huna kosa. Ulisema mara mbili, na mama mwenyewe amekiri sasa hivi, tumesikia sote. Mlango haujafungwa kwa ufunguo." Akaenda akaufungua ili ionekane wazi.

"Umerogwa?" mama alisema. "Mimi ni mama yako!"

"Wewe ni mama yangu na ulidanganya."

Wifi alisimama. Alipanga kiti chake vizuri, jambo ambalo hakuna aliyemtuma kulifanya, akatoka. Kaka aliita jina lake mara moja, bila kuinuka. Tabasamu la Bi Tabasamu lilikuwa bado limebaki mahali pake, kama bango la sherehe ambayo wageni hawakutokea.

"Unajua umefanya nini?" alimuuliza mwanagenzi. "Umevunja kikao cha kitaalamu."

"Kitaalamu?" Binti alicheka kicheko kibaya. "Bi mkubwa, wewe si mshauri. Wewe ni mpiga picha."

*

Alimkuta wifi getini, amesimama kivulini, anahema.

"Uliniambia hayatoki."

"Nilikwambia."

"Yametoka."

"Yametoka. Mimi ndiye niliyeyatoa. Wifi, nisa..."

"Usinimalizie hilo neno." Wifi aliinua kiganja. "Leo nimelisikia hadi limenitoka puani. Kama una nguvu, twende ukanibebee mfuko."

Wakaenda kwa jirani, wakauchukua mfuko, wakatembea hadi kituoni wakipokezana mshikio. Mwisho wa mwezi ulikuwa bado mbali, lakini nani angerudi kulala kwenye kitanda kile? Gari lilipokuja wifi alipanda, akakaa dirishani, akamtazama mwanagenzi kwa muda.

"Ile siku uliponyamaza," alisema, "hapo ulikuwa unaijua kazi."

Hakusema amemsamehe, na mwanagenzi hakuwa na uso wa kuuliza.

*

Nyumbani palikuwa moto. Kaka alijifunza kuchemsha chai, akaunguza birika, akalaumu birika. Mama alishona kwa ghadhabu, cherehani ikilia mchana kutwa. Wenzake wa kikundi walipouliza mkwe yuko wapi, alisema amekwenda kupumzika kwao. Uongo huo nao akaushona vizuri, hauna hata uzi uliochomoza.

Kisha Bi Tabasamu akaja, tena kwa kualikwa na mama mwenyewe. Akapewa kiti kizuri, kile chenye kitambaa. Alikunywa chai, akasifu mapazia, akafikia kiini cha safari yake.

"Mimi sina kinyongo," alisema. "Huyu ni kijana, damu inachemka. Ripoti yake nimeikamilisha, imebaki saini. Aniombe radhi mimi, amuombe na mama yake, hapa hapa mbele ya kaka. Neno moja. Kesho saini iko tayari."

"Umesikia?" mama alimgeukia binti. "Neno moja tu. Halinunuliwi."

"Nimesikia, mama."

"Asiposaini, si unarudia mwaka?"

"Narudia."

"Na ada? Nani atatoa ada tena?" Mama alinyoosha mikono yake, viganja juu. Ncha za vidole zilikuwa ngumu, zimetobolewa na kutobolewa tena. "Tazama. Tazama vizuri. Hivi vidole ndivyo vilivyokupeleka chuo. Huniombi mimi radhi, viombe hivi."

Binti alivitazama. Hakuwa jiwe. Alijua kila tundu. Alikuwa amekua akishika taa mama akishona umeme ukikatika. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, silabi chache, na lingesemwa kabla chai haijapoa, na mama angelia na kumkumbatia, na kaka angepata tena mtu wa kumtania, na nyumba ingeendelea vile vile ilivyokuwa ikiendelea siku ile wageni walipokuwa wakinywa chai na mtu mlangoni ananong'ona.

"Sema basi," kaka alisema, macho sakafuni. "Yaishe."

"Wewe kila kitu yaishe. Umeshawahi kuanza kitu?"

"Unaona kiburi?" alisema Bi Tabasamu kwa upole wake wa mshahara. "Binti, katika kazi hii somo la kwanza ni unyenyekevu."

"Somo la kwanza ni kunyamaza mtu anaposema," binti alijibu. "La pili ni kutokunyamaza anaponyamazishwa. Wewe umefeli yote mawili, na ndiye unayesahihisha mitihani."

Bi Tabasamu aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza mdomo wake ulikuwa umefungwa, na bila lile tabasamu alikuwa mwanamke wa kawaida kabisa, mchovu, anayeogopa mkurugenzi.

"Mwanangu," mama alisema, sauti imepungua, "nakuomba. Mimi mama yako ndiye ninayekuomba."

"Ada nitaitafuta. Nitafua, nitafagia, nitakaa na wewe kwenye cherehani usiku na mchana, mwaka nitaurudia. Kosa langu nililifanya kwa mtu mmoja, na hayumo humu ndani."

"Basi hata kesho. Lala uamke, ufikirie."

"Sina cha kufikiria."

"Hata kwangu?"

"Siombi radhi, mama. Kwake siombi, na kwako siombi. Si leo, si kesho."